Ukuta wa Mahakama ya Zamani

Shangazi yangu ni fundi chokaa, na ukitaka ugomvi naye mwambie hiyo ni kazi rahisi. Miaka thelathini amepiga lipu majengo ya kale ya mji wetu. Kabla ya kuanza huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ametega sikio. "Hapa pamekufa," atasema, au, "Hapa pazima." Hakosei, na anajua kwamba hakosei, ndiyo maana wenzake wanamwita Jaji.

Mwaka huu tamasha la sanaa lilifanyika kwenye mahakama ya zamani, nami nilikuwa miongoni mwa waandaaji. Ukumbi wa juu alipewa mchoraji mmoja kwa maonyesho yake ya kwanza, lakini ukuta wake ulikuwa umevimba. Mkaguzi wa majengo akatuambia usipotengenezwa kufikia Jumamosi, ukumbi unafungwa. Shangazi akabandua lipu ya zamani, akapiga mpya, akaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa.

"Chokaa haitaki haraka," aliniambia. "Ikikaushwa mbio inapasuka. Usiiguse."

Mimi na kiherehere changu! Alhamisi mchana alipokwenda kula, nikayatoa magunia, nikawasha feni tatu. Aliporudi, ukuta ulikuwa nyufa tupu. Akaziangalia feni, akaniangalia mimi. Mwenyekiti wa tamasha naye huyo, anapanda ngazi akifoka.

"Fundi, nini hiki?"

"Nimekosea," alisema Shangazi. "Naurudia."

Jaji huyo! Alinisitiri, nami nikanyamaza kwa woga, Mungu anisamehe. Akaukwangua wote, na miaka yake sitini na moja, akaanza upya. Hakunisema. Aliniambia tu, "Lete maji."

Jumamosi mkaguzi akaupitisha. Lipu ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo picha zikaning'inizwa kwa kamba kwenye boriti, mbali na ukuta, na mchoraji alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Mwenyekiti akashukuru kila mtu, kisha akatania: "Hata fundi wetu aliyetupasulia ukuta!"

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka. Hapo nikashindwa.

"Feni niliwasha mimi," nikasema kwa sauti. "Yeye alinikataza."

Nilikaa chini. Shangazi akaniinamia, akanigonga kifuani kwa kifundo cha kidole, ametega sikio.

"Hapa pazima," akasema.