Bei Iliyopandwa Kichiwa

Zamani Kiingereza tulikiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Siku hizi watu wanakipata kwenye simu huku wakimenya viazi.

Dorosela wa kijiji cha Kichiwa alikuwa akimenya viazi kwenye kibanda cha chai cha mdogo wake, Fidelia, hapa Makambako, ambako nilikunywa chai kila asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuchambua maparachichi kwenye ghala moja la Njombe, ila wiki hiyo alikuwa likizoni. Meneja alimwahidi usimamizi iwapo ataweza kumweleza mnunuzi wa ng'ambo, kwa Kiingereza, jinsi bei ilivyobadilika mwaka mzima. Mnunuzi angempigia simu siku yoyote wiki hiyo.

Akaniomba nimfundishe, nami nikachora mstari wa bei kwa mkaa ubavuni mwa kreti. Unapanda, rise, unashuka, fall.

"Sema: bei ilipanda ghafla."

"The price planted suddenly."

Fidelia akatua birika. "Dada, umeipanda wapi? Na mbolea umetia?"

"Babu, kupanda si plant?" Dorosela akaniuliza.

"Kupanda mche ndiko plant. Bei kupanda ni rise. Wao wana maneno mawili, sisi tuna moja."

"Matajiri hao."

Nikampa na msemo: turn over a new leaf, yaani kuanza upya na kuacha mwenendo wa zamani.

"Leaf si jani, babu?"

"Ni ukurasa pia."

"Kumbe na wao neno likiwaishia wanaazima."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia, mimi ambaye siku hizi sichekeshwi na mengi. Mashamba ya pareto na ulezi yameondoka, na hakuna tena anayeita jirani kulima kisha wakanywa ulanzi, pombe ya mianzi, pamoja. Lakini asubuhi ile nilitamani mwanamke huyu ashinde.

Simu ikaita papo hapo. Mnunuzi. Dorosela akafuta mikono kwenye kanga, akasimama wima kana kwamba mtu yule amefika kibandani. Fidelia akazima redio. Wateja wakaacha kutafuna.

"In June, sir, the price planted..."

Nikanyanyua kidole juu, hewani. Hakuniangalia.

"No, sir. The farmers planted. The price rose. In August it fell, because everybody harvested."

Tukasikia yule mnunuzi akicheka, kicheko cha mtu aliyeelewa. Akauliza mengine, naye Dorosela akajibu yote. Alipokata simu alikaa juu ya maganda ya viazi.

"Nimeupata usimamizi," akasema. Fidelia akawapa wote chai ya bure, kisha akawauzia mandazi kwa bei ya juu kidogo.

Dorosela akarudi Njombe kuwa msimamizi, na baadaye Fidelia naye alifunga kibanda, akamfuata Njombe kupikia wafanyakazi wa ghala. Mara ya mwisho niliwaona kwenye geti la ghala hilo, Dorosela akiwa na koti jeupe la msimamizi, wakibishana kwa Kiingereza kama mvua imepungua au imekoma. Niliwasalimu kwa Kibena, lugha yetu ya nyumbani. Wakaniitikia kwa Kiingereza, kwa furaha kabisa, wakaingia kazini.