Kaburi Lililokoroma Saa Kumi

Phelesia Nyar Karungu hakumwamini mtu, na usimlaumu kabla hujasikia. Miaka kumi na saba alinunua mbuta ufukweni Homa Bay, na katika miaka hiyo alitoa matumboni mwa samaki mawe, matope, na siku moja kufuli nzima ya mlango. Samaki hakupanda mizani yake kabla hajamtia mkono mdomoni mpaka kwenye kiwiko. Wavuvi walimcheka. "Mama, huyo ni samaki, si mshukiwa!" Naye aliwajibu bila kuinua kichwa, "Samaki hana kosa. Ninamchunguza aliyemleta."

Hata siku ya kumzika mumewe Joram, mwaka wa 1994, hakulia. Wanawake walipiga yowe mpaka sauti zikawakauka, yeye kasimama mlangoni akiangalia nani anatoka na kiti gani. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Lakini nenda kaulize: wajane wangapi wa mtaa ule walirudi ndani baada ya mazishi wakakuta hata sufuria imekwenda? Kwa Phelesia hakikupotea hata kijiko.

Joram alikuwa dereva wa lori, mtu mpole, mnene kidogo. Akirudi saa tisa alikula, akajilaza kwenye benchi la baraza, na ikifika saa kumi alikuwa anakoroma mpaka kuku wanahama. Phelesia alimgombeza kila siku kwa ajili ya mkoromo ule. Alipokufa, mdogo wake Elkanah, fundi wa mawe, alichimba kaburi kando ya jabali lililo nyuma ya nyumba, akalijengea kuta, akalaza zege pana juu yake. Kazi nzuri, hata Phelesia alikubali. Zege lilikuwa laini na lilipata jua siku nzima, basi akaanza kuanikia omena, dagaa wa ziwani, pale. Walionung'unika aliwaambia, "Joram alipenda omena. Mlitaka nimwanikie nini, vitabu?"

Sasa, Elkanah alimtaka. Kwa desturi ya Wajaluo mjane hurithiwa na ndugu ya marehemu, na asiyerithiwa huambiwa analeta chira, yaani laana inayokondesha watoto wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Phelesia alikataa, na tena akakataa. Si kwa jeuri. Elkanah alikwisha kumrithi mjane mmoja kule Sindo, na mjane yule alikonda mpaka akaisha. Miaka ile tulizikana kila Jumamosi na hakuna aliyetamka jina la ugonjwa. Phelesia hakulitamka pia, lakini alimtazama Elkanah alivyokuwa analegea mabega ndani ya koti, akajisemea, huyu ananiletea kaburi la pili.

"Shemeji," Elkanah alimwambia mara ya mwisho, akijifuta jasho, "utakubali. Marehemu mwenyewe atakuambia."

Haukupita mwezi, kaburi likakoroma.

Ilikuwa Mei ya 1996. Phelesia alikuwa akigeuza omena aliposikia nyayo zake zinawasha. Akatazama chini: omena walikuwa wanatambaa. Taratibu, wote kwa pamoja, wanateremka kwenye zege kama wamekumbuka njia ya ziwani. Akainama, akaweka sikio. Mmmmm. Sauti nene, ya chini, isiyokata pumzi. Jua lilikuwa la saa kumi.

"Mayoo!" Akaruka nyuma. Halafu, kwa kuwa alikuwa Phelesia, akasogea mbele tena. "Joram? Ni wewe au ni mtu?"

Habari zilienea kabla omena hawajakauka. Elkanah alikuja na mzee wa ukoo, wakaweka viganja juu ya zege, mzee akakitoa chake upesi kama aliyegusa sufuria. "Ndugu yangu hajapumzika," alisema Elkanah kwa uchungu wa kumtoa nyoka pangoni. "Anadai nyumba yake ifunguliwe, mjane wake arithiwe." Mzee alimpa Phelesia mpaka Jumapili ya mwisho wa Agosti. Siku hiyo wazee wangekuja kusikiliza wenyewe saa kumi. Kaburi likikoroma, Elkanah ataingia nyumbani mwa Phelesia jioni hiyo hiyo, au Phelesia afunge virago arudi kwao Karungu mikono mitupu.

Alilala akiwaza, akaamka akiwaza. Kulia hakulia. Alichukua sufuria, akaijaza maji, akaiweka juu ya kaburi, akakaa na kiti kuitazama kama anavyotazama mshale wa mizani. Jumatatu, maji yametulia. Jumanne, yametulia. Jumatano saa kumi kasoro yakaanza kutetemeka, viduara vidogo vikikimbizana kuelekea katikati. Na Jumatano hiyo, ng'ambo ya ua, Wazungu walikuwa wanacheka.

Ng'ambo ya ua ilikuwa gesti ya Nyakundi, mstaafu mmoja kutoka Kisii, mnadhifu, aliyejenga vyumba sita kwa ajili ya wageni wanaokuja kuvua mbuta kwa starehe, wakishamvua wanampiga picha na kumrudisha majini. Mwezi wa tatu alikuwa amenunua beseni la maji moto, kubwa la watu sita, lenye mashine ya kusukuma maji yatoke mapovu. Wageni wakirudi kutoka ziwani waliketi humo kama viazi ndani ya sufuria, watu wazima, wakinywa soda.

Phelesia aliunganisha mambo yake. Wageni wapo, kaburi linakoroma. Wageni hawapo, kaburi kimya. Akaunganisha na mengine: Nyakundi alishawahi kuuliza kama ardhi ya ufukweni inauzwa. Elkanah akimrithi, nani atakuwa na usemi juu ya ardhi? Ahaa! Wamekula njama, hawa wawili, mmoja atoe kelele, mwingine atoe tafsiri. Akafunga leso kiunoni akaenda gesti.

Nyakundi alimpokea kwa heshima iliyojaa tahadhari. "Mama, watu wengi wananijia na malalamiko, na mwisho wa malalamiko huwa ni fidia. Njoo usikie mwenyewe."

Akampeleka penye kisanduku cha mbao nyuma ya beseni. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Phelesia alitega sikio, na ukweli ni kwamba ilinguruma kidogo tu, kama paka aliyeshiba. Penye ua haikusikika kabisa.

"Sasa hii," Nyakundi akauliza, "itasikikaje kaburini kwako isisikike uani kwangu?"

Phelesia alirudi nyumbani amenywea. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliwaza kwamba labda ni Joram kweli. Na tangu siku hiyo akaanza kuwahi kurudi kutoka ufukweni. Saa kumi ilimkuta amekaa kando ya zege, kiganja juu yake. Majirani wakiuliza alisema anakagua.

Wiki ya tatu ya Agosti akasikia nyundo ng'ambo ya ua. Alichungulia akaona mtu mrefu, mgeni, amelala kifudifudi kando ya kisanduku. Alikuwa Nchagwa, Mkuria wa upande wa Migori, fundi wa posho mill, mashine za kusagia unga, na pampu za migodini, ndiye aliyefunga mashine ya beseni mwezi wa tatu na sasa amekuja kuikagua. Phelesia alimwita. Hakumwamini, lakini alimwita.

"Wewe ndiye uliyemfanya mume wangu akorome?"

Nchagwa hakucheka. Alivuka ua, akavua viatu, akasimama kwenye zege la kaburi kwa nyayo tupu, akafumba macho. Halafu akashuka, akasimama kwenye jabali. Akatembea juu ya jabali hatua kwa hatua, mpaka likapita chini ya ua, mpaka kwenye kisanduku. "Mama," alisema, "ni jiwe moja. Mashine imekaa juu ya jiwe, na kaburi limekaa juu ya jiwe hilo hilo. Mtikisiko haupiti hewani, unapita chini. Na kaburi lina uwazi ndani, kwa hivyo linapokea kama ngoma. Lakini hii kitu haikupaswa kutokea. Kwetu huwezi kuweka posho mill kwenye simiti tupu, vikombe vya jirani vitaanguka. Mimi niliweka mipira."

"Mipira gani?"

"Minne. Nilikata mwenyewe kwa tairi ya lori, minene hivi, nikatoboa katikati pa kupitisha bolti." Akafungua kisanduku, akainama. Miguu ya mashine ilikuwa imekazwa moja kwa moja kwenye simiti. "Mipira yangu iko wapi?"

Nyakundi aliitwa. Akaapa kwa wazazi wake kwamba hajui. Ufunguo wa kisanduku alimpa mtu mmoja tu, mwezi wa tano, fundi wa mawe aliyekuja kuziba ufa kwenye simiti pale chini.

"Fundi gani?" Phelesia akauliza, na jibu alilijua tayari.

"Si huyu shemeji yako, Elkanah."

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini Phelesia hakupiga kelele, maana bila mipira yenyewe mkononi ni maneno matupu. Alimwambia Nchagwa asubiri, akaenda moja kwa moja kwa Roseline, mke wa Elkanah. Wake wa ndugu huitana nyieka, mke mwenza, na hawa wawili walikuwa wamesalimiana miaka kumi na miwili bila kukaribishana chai. Safari hii Phelesia alikaribishwa. Akakaa mezani. Akaegemeza kiwiko. Meza haikuyumba.

Sasa, meza ya Roseline ilijulikana. Ilikuwa na mguu mfupi na sakafu yenye mabonde, na kila aliyekula pale aliondoka na mchuzi gotini. Phelesia akaangusha leso makusudi, akainama kuiokota. Chini ya miguu palikuwa na vipande vyeusi vya mpira wa tairi, viwili vikibebana chini ya ule mfupi, na pembeni ya mguu akaona nusu ya tundu la bolti.

"Nyieka," alisema akiwa bado chini, "meza hii imetulia tangu lini?"

"Tangu Mei," Roseline akajibu. "Nimempigia kelele miaka, siku moja akaja na hivyo vipande. Alisema ameviokota." Kisha akamwona Phelesia anavyoviangalia, na Roseline hakuwa mjinga. Phelesia alipomweleza vilikotoka na kilichoamsha kaburi, Roseline alikaa chini. "Siku alipotoka kusikiliza kaburi na mzee, alirudi akicheka peke yake. Alijua, Phelesia. Hakuondoa mipira kwa ubaya, aliondoa kwa ajili ya meza yangu. Lakini kaburi lilipoanza, alijua, akanyamaza."

Phelesia, aliyekuwa amejenga njama ya ardhi na Wazungu, alikuta ni meza. Ilimuuma kuliko njama. Mtu atake kukuua kwa sababu meza yake imetulia!

"Na mimi," Roseline akaongeza taratibu, "unadhani nataka arudi tena na ugonjwa wa nyumba nyingine? Chukua."

Nchagwa aliinua mashine, akairudisha juu ya mipira. Akakata kipande cha bomba la chuma, akaunga mpira wa maji katikati ili bomba lisibebe mtikisiko. Nyakundi, aliyeona aibu, alishika tochi mwenyewe.

Jumapili ikafika. Wazee watano waliketi nyuma ya nyumba, Elkanah amevaa koti la kwenda kanisani, na ng'ambo ya ua beseni limejaa wageni, mapovu yanachemka, mashine inafanya kazi. Phelesia aliwaandalia chai, na kwa kuwa hakuwa na meza ya kutosha wageni, aliazima ya Roseline. Ilibebwa ikawekwa juu ya jabali, vikombe vikapangwa.

Saa kumi. Mzee aliweka kiganja kwenye zege. Akangoja. Akaweka sikio. "Kimya," alisema. Wa pili akaja, wa tatu. Kimya. Sufuria ya maji pale juu ilikuwa imetulia kama kioo.

"Ngojeni kidogo," Elkanah akasema, sauti imepanda. "Ataanza. Wageni wapo, ataanza."

"Wageni wanahusiana nini na ndugu yako?" mzee akauliza.

Elkanah akaegemea mezani ili afikirie jibu. Meza ikayumba, birika likainama, chai ya moto ikamwagika mapajani mwake. Akaruka, na kabla hajajipangusa, kabla hajafikiri, akainama kutazama chini ya meza.

"Roseline! Mipira iko wapi?"

"Mipira gani, Elkanah?" mzee akauliza.

Roseline ndiye aliyesimulia. Phelesia hakuhitaji kufungua mdomo. Alipomaliza, mzee aliokota fimbo yake, akasema nyumba ya Joram imefunguliwa na Joram mwenyewe, na mtu asirudi tena kugonga pale. Elkanah aliondoka kwa aibu, suruali imelowa, na Roseline akafuata na meza kichwani, akiimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Phelesia alibaki peke yake. Jua lilikuwa bado zuri. Alikaa mahali pake pa siku zote, akaweka kiganja juu ya zege. Lilikuwa vuguvugu kwa jua, na halikusema kitu. Akangoja kidogo, kwa mazoea. Akaweka na cha pili.

"Joram," aliita.

Ndipo akalia, kilio kile alichokuwa anadaiwa tangu siku ya viti, mpaka Wazungu wa ng'ambo wakanyamaza ndani ya maji yao. Alilia akimwomba msamaha kwa kumgombeza kila saa kumi kwa miaka yote ile. Kisha akajipangusa kwa leso, akaanua omena.