Gunia la Kahawa na Macho ya Mama Kavetsa

Mnunuzi alifungua gunia letu la kahawa, akachota kiganja kimoja, akanusa, kisha akarudisha punje zote ndani.

Akalifunga gunia. Akaomba maji ya kunawa mikono.

Hapo nikajua tumekwisha.

Wacha niwaeleze kutoka mwanzo, maana hii kitu imenikaa kooni na leo lazima niitoe.

Mimi naitwa Elsie. Ni Mdawida, yaani Mtaita, kwetu ni Mgange, lakini nimeolewa hapa Voi na Wanjala, jamaa wa Bungoma anayefanya kazi ya reli. Mama yangu alipofariki aliniachia miti michache ya kahawa ya zamani sana, ile ya punje ndogo za mviringo. Majirani walishaing'oa yao kitambo wakapanda kabichi. Hata mimi walinicheka nilipovuna gunia moja nikalileta Voi.

Basi ghafla kahawa ya aina hiyo ikawa adimu, na matajiri wakaanza kuitafuta kama dawa. Bei ikapanda. Ikapanda tena.

Mnunuzi mmoja, Josephat, akaja mpaka mlangoni kwetu na pesa taslimu. Aki nilipiga vigelegele! Hiyo pesa ilikuwa na kazi yake tayari. Mama mkwe wangu, Mama Kavetsa, tulikuwa tunaishi naye na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alishasema ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji mapema.

"Tumuuzie leo," nikamwambia Wanjala.

"Elsie, tulia. Si umeona vile bei inapanda? Tukingoja kidogo tunamtibu mama na tunajenga pia."

"Na macho yake je?"

"Yeye mwenyewe amekubali kungoja. Muulize."

Kweli alikuwa amekubali. Mama Kavetsa angekubali chochote bora kimetoka kwa mwanawe.

Josephat akaenda zake. Wanjala naye akawa mtu wa simu. Hajapiga mswaki, ashaangalia bei ya kahawa. Ikipanda anapiga makofi peke yake. Ikisimama, ugali haupiti kooni. Mwanaume mzima!

Jioni moja tukiwa mezani akasema, "Hiyo kahawa ikiingia mdudu hata mmoja, walahi nitalia mbele za watu."

Mama Kavetsa akainua kichwa. Kisha akaendelea kula.

Gunia lilikuwa stoo, ubavuni mwa jiko letu la nje. Mchana mimi nashinda sokoni na mitumba yangu, Wanjala yuko kazini, mama anabaki nyumbani.

Kadiri tulivyongoja, ndivyo macho yake yalivyoharibika. Yakawa mekundu, yanatiririka, kope zimevimba. Nikamnunulia dawa ya matone.

"Mama, mbona imekuwa mbaya hivi?"

"Ni uzee tu, mwanangu. Usijisumbue."

Leso yake ilinuka moshi, lakini sisi tunapikia kuni. Nani kwetu hanuki moshi?

Nikamwendea Wanjala nikiwa na hasira. "Uza hiyo kahawa!"

"Wiki moja tu."

Wiki ikaisha, akaongeza nyingine. Mwishowe bei ikafika pale alipotaka, akampigia Josephat simu. Tukafagia uwanja. Nikapika chapati. Mama akavaa kitambaa chake cha kanisani.

Ndiyo hiyo siku niliyowaambia, ya kunawa mikono.

"Hii imeingia moshi," Josephat akasema. "Kahawa inashika kila harufu. Pole sana, lakini hata bure siwezi kuichukua."

"Moshi gani?" Wanjala akafoka. "Haijawahi kutoka stoo!"

"Imetoka, baba."

Ni Mama Kavetsa. Alikuwa kwenye kigoda pale mlangoni, anatabasamu upande ambao sauti ya mwanawe ilitoka.

"Kila siku mkienda kazini naitoa kidogo kidogo, naiweka kwenye ungo, naitundika juu ya moto wa kuni mbichi. Nakaa hapo naigeuza kwa mkono. Jioni nairudisha. Mbegu ya mahindi kwetu tunaiweka hivyo, na mdudu hagusi. Nimeichunga vizuri, si ndiyo? Sasa bei imefika wapi?"

Niliyatazama yale macho mekundu. Mgonjwa wa macho alikuwa anashinda kwenye moshi akitulindia pesa ya macho yake.

Wanjala akapiga magoti pale kwenye vumbi, akamshika mikono.

"Imefika juu sana, mama," akasema.

Wiki hiyo hiyo aliuza pikipiki yake, mama akafanyiwa upasuaji. Jicho la kulia limerudi, anaona, juzi amenitania ati nimenenepa. La kushoto daktari alisema tumechelewa.

Na bei ile ya kwanza ya Josephat ingetosha macho yote mawili.

Kahawa tunainywa wenyewe. Mama Kavetsa anaisifu, anasema inamkumbusha jikoni kwao. Wanjala haigusi. Simu ikitaja bei ya kahawa anaizima.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama una mgonjwa nyumbani na mali stoo, uza kwa bei ya leo. Bei ya kesho waachie watu ambao kwao hakuna anayeumwa.