Rangi ya Maji ya Kwao

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi wa meno ya bandia katika hospitali moja ya misheni mjini Mbeya. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nang'oa. Sikuwahi kung'oa hata la mtoto. Wagonjwa wenyewe alikuwa nao daktari. Mimi nililetewa plasta, mfano wa kinywa cha mtu nisiyemjua, na karatasi ya maelezo. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jengo, karibu na kamba za kuanikia mashuka, na siku nzima iliweza kupita bila mtu kugonga mlango. Jioni nilirudi Iyunga kwenye chumba cha kupanga, nikasonga ugali wa mtu mmoja, nikala huku redio ikiongea. Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Wazazi walikwisha kufa, na asubuhi hapakuwa na wa kunisalimu "kamwene" ya kwetu. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kuficha.

Kazi yenyewe niliipenda. Nilikuwa na kauri za aina mbili. Kauri tupu hupitisha mwanga kama jino lililo hai, lakini ni dhaifu. Mtu akiuma mfupa kwa pupa, kwisha habari yake. Kauri iliyochomewa juu ya chuma ni imara, ila fundi mvivu huacha mstari mweusi kwenye ufizi, na jino linakuwa limekufa kabla ya kuvaliwa. Jino la mbele likiwa moja tu, nililifanya kwa kauri tupu. Daraja, yaani jino la kuziba pengo linaloshikiliwa na meno mawili ya jirani, sikuthubutu kulifanya bila chuma.

Mwaka mmoja, wakati wa baridi, ikaja plasta ya mama mmoja wa Ubaruku, huko Usangu. Alikuwa anakamua, ng'ombe akampiga teke, jino la mbele likaenda. Daktari alikwisha kuyachonga mawili ya pembeni ili nayo yavikwe kauri na kubeba daraja. Kwenye nafasi ya rangi aliandika: "Kahawia, maji ya kwao. Haimo kwenye vipimo. Fundi aamue." Vipimo vilikuwa safu ya meno ya mfano tuliyoletewa kutoka Ulaya, na waliovitengeneza hawakumfikiria mtu kama huyu. Alikuwa mmoja wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, ambako maji ya visima huwatia watoto meno rangi ya chai tangu yanapoota.

Nikaamua. Chuma, kwa sababu mtu wa Usangu hutafuna mahindi ya kuchoma, hapo sikukosea. Kwenye rangi nikajifanya mwenye huruma. Nikachagua nyeupe ya maziwa, nikisema moyoni, maskini, angalau haya matatu yapendeze. Ilinichukua siku nne. Nilijisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Siku ya kulijaribu, mlango ukagongwa kwa nguvu. Alisimama mama mrefu mwenye blanketi mabegani, daraja langu likiwa kiganjani mwake.

"Ni wewe fundi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hii jino ya nani?"

"Yako, mama."

"Si yangu. Angalia." Akafungua kinywa. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mistari, mazima na yamepangika vizuri kuliko yangu. "Mwezi ujao naenda kwetu kumwona baba. Miaka sita hajaniona, na sasa anasahau watu. Sisi tunajuana kwa meno, fundi. Mtu akicheka sokoni tu, namjua, huyu wa kwetu. Nikimwendea na hii nyeupe, baba atasema mgeni huyu katoka wapi? Bora pengo."

Niliudhika, kusema kweli. Nikamwambia nitapaka kahawia juu, nichome, achukue kesho.

"Nikipiga mswaki wa mti na mkaa kila siku, itabaki?"

Nilitamani kumdanganya, nikashindwa. Rangi ya juu ingelika, na siku moja weupe ungechungulia. Basi nikaisaga kauri yangu yote, ile niliyojisifia, mpaka kwenye chuma. Tulikuwa na kichupa kimoja tu cha unga wa kahawia, wa kutia kidogo kwenye shina la meno ya wavuta sigara. Nikaanza upya, kahawia ndani, tabaka juu ya tabaka, na mistari nikaiweka humo humo kabla ya kuchoma.

Ilibidi akae karibu nami kwenye mwanga, nifananishe. Siku mbili alikalia kiti changu cha pekee, mimi nimesimama, akinisimulia ng'ombe wake mmoja mmoja, yupi mwizi, yupi ana kiburi, na yule wa teke alivyojua kujifanya hana habari. Nilicheka mpaka brashi ikatikisika. Unga ulitosha, ukaisha. Daktari akaligandisha kinywani, na mama akaondoka bila kuniaga. Iliniuma zaidi ya ilivyostahili. Wiki nzima nilikuwa nakitazama kile kiti.

Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza aliporudi. Hakupita kwa daktari; alikuja moja kwa moja kwangu, blanketi limelowa.

"Nimetoka kwetu," akasema. "Baba aliniangalia sana. Nikacheka. Hakuuliza kitu, fundi. Aliniita jina langu."

Nilifurahi, na papo hapo nikamwonea wivu, mtu mzima mimi. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuosha brashi iliyokuwa safi.

"Na wewe kwenu wapi?"

"Kihesa. Iringa."

"Nani anakungoja huko?"

"Hakuna, mama."

Alikivuta kiti akakaa, maji yakimdondoka sakafuni. "Walikuwa wanakuitaje?"

Miaka saba hospitalini hapo nilikuwa fundi tu, kwa daktari, kwa wauguzi, hata kwa mfua mashuka. Nikamtajia jina langu, na ilibidi nilirudie, kwa sababu mara ya kwanza nililisema nikiwa bado nimeinamia brashi.