Mpaka Ulioteremka Hadi Mlangoni pa Jiko

Mimi si mtu wa safari, na sioni haya kulisema. Niliosoma nao wametawanyika nchi nzima. Mmoja yuko Geita, anachimba dhahabu ambayo mpaka leo hajaiona. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Ngujini na cheti changu, nikakiweka ndani ya Biblia mende wasikipate, nikashika jembe. Hata kuoa nilioa bila kuondoka kijijini: mke wangu ni wa Pare ya kusini, kule kwenye tangawizi, lakini alikuja huku kumuuguza mama yake mdogo na mimi nikawahi. Posa ilipelekwa na wajomba zangu. Siku hiyo nilikuwa na malaria, au nilisema ninayo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nimeiona wapi Tanzania, namjibu kwamba mimi sikuifuata. Ilinifuata yenyewe, nyuma ya nyumba yangu.

Huku Ugweno mashamba yameinama. Ukidondosha boga unalifuata kwa jirani wa chini, tena kwa adabu, kwa sababu likishafika kwake ni mgeni wake. Jirani yangu wa juu ni mwalimu mstaafu, aliyenifundisha jiografia sekondari na kunipa alama ambazo sitazitaja hapa. Kati ya shamba lake na langu palikuwa na masale, ule mmea wa majani marefu ambao wazee waliupanda kuonesha mpaka. Sale haling'olewi. Unaweza kumtukana mtu, ukampiga, ukamlia kuku wake, na mkapatana. Ukimpelekea jani la sale kumwomba radhi hawezi kukataa. Lakini ukiling'oa la mpakani, hata ng'ombe wako atakutazama vibaya.

Jumapili moja ya masika tulirudi kutoka ibadani tukakuta shamba la Mwalimu limekuja kututembelea. Kipande kizima cha udongo kilikuwa kimeteleza, na mibuni yake miwili juu yake, na mgomba mmoja wa ndizi za mshare wenye mkungu, na masale matatu. Kilipita pembeni ya jiko letu bila kugusa ukuta, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, kikaishia hatua tatu chini ya mlango. Mgomba ulikuwa umeinama kidogo. Masale yalisimama wima kabisa.

Mwalimu alishuka na fimbo yake. Akatazama juu palipobaki kovu jekundu, akatazama chini.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Naona jiko langu limejengwa vizuri."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mpaka ni masale," akasema. "Au nilikufundisha vingine?"

"Mwalimu," mke wangu akaingilia, "bati za jiko hili si ulinisaidia kubeba mwenyewe?"

"Ndiyo maana nalifahamu, mama."

Jiko lile nililijenga kwa misimu miwili ya kahawa. Lina matofali ya kuchoma, lina bomba la kutolea moshi, na mke wangu alikuwa ameshawaalika dada zake wa kusini waje kuliona, kwa sababu huko kwao wanaamini watu wa Ugweno tunapikia mapangoni. Wageni walikuwa wamebakiza majuma mawili. Sasa kwa mujibu wa masale, jiko lilikuwa kwa Mwalimu, na sisi tumebaki na nyumba ya kulala tu, kama wapangaji.

Nisimwonee mzee, naye alikuwa na hoja. Mibuni yake mizuri iko kwangu, na huko juu ameachiwa shimo. "Nilime kovu?" aliuliza.

Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Kwa kawaida sisi wa Ugweno tunajibu kwamba hao ni Wapare, sisi ni Wagweno. Mwezi ule tulinyamaza.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akazunguka jiko mara mbili, akaonja mshare mmoja kwa ajili ya uchunguzi. Kisha akaamua. Masale hayarudishwi juu, kwa sababu kuyarudisha ni kuyang'oa. Hata hivyo jiko nalo haliwezi kuhamia kwa jirani mwenye jiko akiwa ibadani. Atafutwe aliyeyapanda, aoneshe mahali pa kwanza. Waliopanda walikuwa babu yangu na baba yake Mwalimu, ambao wote ni marehemu, lakini siku ile walishikiwa miche na binti mdogo, dada yake Mwalimu, ambaye aliolewa Same na yuko hai. Tukampigia simu.

"Mpaka hauoneshwi kwa simu," akasema. "Njooni mnichukue. Wote wawili, asije mmoja akaniharibu akili njiani."

Mke wangu alinifungia maandazi kana kwamba naenda Kongo. "Utarudi?" akaniuliza.

"Nikishindwa nitakaa huko huko."

"Huwezi. Huko hakuna pa kuegemea, ni tambarare."

Asubuhi tukapanda bodaboda mbili, mshtaki mbele, mshtakiwa nyuma. Nilivaa sweta langu la sufu, maana kwetu kulikuwa na ukungu. Kila kona Mwalimu alisimamisha msafara, akanyoosha fimbo. Pale ni mashamba ya Kileo, watu wa tambarare, wanalima pasipo kushika mti kwa mkono wa pili. Kule kunakong'aa ni Bwawa la Nyumba ya Mungu, samaki unaokula Ijumaa wanatoka pale. Mimi ni mtu mzima mwenye jiko, au aliyekuwa nalo, lakini niliitikia "ndiyo, Mwalimu" kila kona hadi barabara ya lami.

Ndani ya basi akaendelea. Mikonge ilipita dirishani, mistari kwa mistari, kisha vichaka vya miiba na vichuguu vyekundu. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

"Kwa nini huku ni pakavu?"

"Mvua inaishia upande wa pili wa milima, Mwalimu."

"Na wewe kwa nini umevaa sweta?"

"Sikujua."

"Ulijua. Uliandika kwenye mtihani. Hukuamini tu."

Hiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekariri kivuli cha mvua kama ninavyokariri malaika, vitu vilivyopo bila mimi kuhusika. Tuliposhuka Same upepo ulinikaribisha kwa vumbi la mdomo mzima. Milima ilisimama pale pale karibu, ya kijani, na mawingu yake kichwani, halafu huku chini mbuzi wanakula boksi. Mmasai mmoja mwenye shuka jepesi alilitazama sweta langu kwa huruma, akanisogezea kivuli.

Tukamkuta dada yake Mwalimu, ambaye mimi namwita shangazi, kwenye kiti cha plastiki, ua wake umefagiliwa mpaka unang'aa.

"Mmekuja wote? Na huko nani amebaki anagombana?"

Tukaamkia. Akaitikia, akacheka mpaka akajifuta macho. Alisema majirani zake wafugaji hawaelewi kabisa kesi yetu. Amewaeleza kwamba ardhi imetembea ikaingia kwa mtu, wakamuuliza kwa nini haikuwa na mchungaji.

Mwalimu hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama ndoo ya plastiki kando ya mlango. Ndani yake kulikuwa na sale, kitu pekee cha kijani katika ua ule.

"Dada, hili umelitoa wapi?"

"Mpakani kwetu. Siku naondoka kuolewa nilikata kijiti. Nilikuwa naletwa nchi isiyo na mgomba hata mmoja, ulitaka nije na nini? Maji ninayoosha vyombo yote yanaenda hapo."

Mwalimu akaondoa kofia, akaivaa tena. Hakusema lolote la jiografia.

Kesho yake tulipanda naye, na ndoo yake ikapewa bodaboda yake peke yake. Mwenyekiti alikuwapo, na kijiji, maana hakukuwa na kazi nyingine ya maana siku hiyo. Mke wangu alikuwa ameinjika makande kwa wote. Nilimwona anafuta ukuta wa jiko kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto anayekwenda kulelewa kwingine.

Shangazi akapanda na kushuka, akalitazama kovu.

"Palikuwa na alama gani?" mwenyekiti akauliza. "Jiwe? Mti?"

"Sikumbuki jiwe."

"Walipimaje? Kwa hatua? Kwa kamba?"

Akafikiri sana. "Walianza kule juu, wakabishana. Wakashuka, wakabishana tena. Mikono yangu ilichoka kushika. Halafu mama akaita kwamba chakula kiko tayari. Babu yake huyu akasema, tupande hapa hapa, makande yanapoa."

Tangu nizaliwe nimeuamkia mpaka ule. Baba aliniambia umewekwa na mababu kwa hekima, na Mwalimu naye aliambiwa hivyo na wa kwake.

"Hapa hapa wapi?" Mwalimu akauliza, sauti imemtoka ndogo.

"Nitajuaje? Nilikuwa nina njaa."

Akaanza kupanda tena, ndoo mkononi, akikataa kusaidiwa. Hatua kama tano juu ya jiko akasimama, akahema. Harufu ya makande ilikuwa imemfikia. Akachuchumaa, akachimba kwa mikono, akalipanda sale lake la Same.

"Dada, hapo si penyewe," Mwalimu akasema.

"Mimi ndiye shahidi na magoti ni yangu. Nimechoka. Hapa hapa."

Mwenyekiti alikwama. Masale ya chini hayang'olewi. La juu nalo, limeshapandwa na aliyeshika ya kwanza, halitang'olewa. Mipaka ikawa miwili na katikati pakawa na jiko letu. Alipiga miayo, akaagiza ziletwe sahani, na walipokwisha kula akatangaza kwamba panapokuwa kati ya masale na masale ni pa wote wawili, kila mmoja avune mmea wake, na jiko lipikiwe na aliyelijenga bila kumfungia mlango mwenzake.

Dada zake mke wangu walikuja, wakalisifu jiko, wakauliza huyu mzee aliyekaa karibu na mafiga ni nani. "Mwenye nyumba mwenzangu," mke wangu akajibu, akamwongezea chai ya tangawizi.

Maana anakuja kila siku mchana. Anakagua mibuni yake, anaingia, anakaa kwenye kigoda chake alichokileta mwenyewe. Mwanzoni mke wangu alimwambia karibu, naye akasema mtu hakaribishwi kwake. Siku nisipokuwapo humwambia habari za mikoa yote ambako mimi sijafika. Mke wangu sasa anaijua Rukwa kunishinda.

Juzi mawingu ya vuli yalikusanyika. Tulikuwa jikoni, sote tunatazama juu. Sale la Same limetoa majani mapya, na juu yake, kwenye ukingo wa kovu, kimebaki choo cha Mwalimu.

"Mwalimu," nikasema, "kile kikishuka kitakuwa cha nani?"

Alipuliza chai yake. "Kitategemea kitasimama wapi."

Nikatoka nje nikapima kwa macho. Kisha nikarudi ndani nikakaa, maana mimi si mtu wa kwenda popote.