Kijiti cha Koko

Enzi zetu pale Murara, hakuna mtoto aliyenunuliwa mswaki. Mswaki ulitoka shambani. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alikuwa akishuka kwenye lori la makala, yale makaa ya kupikia, kutoka Rutshuru na kikapu cha maharage, na juu yake furushi la vijiti lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Tukiona furushi hilo tulijua kesho hakuna kupona.

Asubuhi tulijipanga nyuma ya nyumba, juu ya mawe meusi ya volkeno, kila mmoja anatafuna ncha ya kijiti chake mpaka iwe nyuzinyuzi. Kisha tunachovya kwenye makala yaliyosagwa na chumvi, tunasugua. Tulichekana midomo myeusi, tukashindana nani atatema mbali. Aliyethubutu kumsalimu Koko kabla ya kusugua aliambiwa, "Tafuna kwanza, salamu itakuja nyuma." Kijiti kikizeeka tulikitupa migombani, na mbuzi akipita anakimaliza. Jumatatu mwalimu akikagua meno, sisi wa nyumba ya Koko tulifungua midomo wazi kama milango ya kanisa.

Sasa waoneni vijana wa siku hizi. Binti yangu Neema, anayesoma chuo kikuu, alirudi nyumbani kwetu Katoyi na boksi dogo lenye picha ya jani. Ndani mna mswaki wa mwanzi, na dawa ya meno ya vidonge kwenye kichupa cha kioo. Alikuwa ameona miswaki ya plastiki iliyotupwa na maji ufukweni mwa ziwa, pale Keshero, akaapa kwamba nyumba yetu haitaongeza hata mmoja. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mzee simu, "Mama, hii ni zéro déchet, haiachi takataka. Ikizeeka unaizika tu, inaoza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mimi nilikulia humo kabla neno lenyewe halijazaliwa, nikamsimulia yote. Macho yakamng'aa, boksi akalisahau.

"Basi ilikuwa muti gani? Tuipande hapa."

Nikafungua mdomo, jina halikuja. Hatukuwahi kuuliza. Koko alikwisha fariki, na shamba lake hatujalifikia tena tangu vita vilipofunga njia. Niliogopa kweli. Jambo zuri kuliko yote ya utoto wangu lilikuwa karibu kupotea, na pale nyumbani aliyebaki kuijua ladha yake ni mimi peke yangu.

Kesho yake tukaanza msako. Nilionja vijiti vya ua wa kila jirani, nikikwepa tu miyenzi, maana maziwa yake ni sumu. Mkaratusi ulinukia vizuri, sio wenyewe. Mpera ulikuwa mpole mno. Neema alinifuata kwa mbali, akijifanya hanijui.

"Mama, batu banakuangalia. Banasema umekuwa mbuzi."

Waseme. Nilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu nivae sare ya shule, na kila kijiti nilikiuma huku moyo ukidunda.

Tulirudi mikono mitupu. Nikiwa nimekata tamaa, nikavunja kijiti cha mubirizi kwenye ua wetu wenyewe, ule mti ambao majani yake tunachemsha mtu akiumwa tumbo. Nilipouma tu, uchungu ukapanda mpaka masikioni. Nilipiga kelele za furaha hata jirani akatoka nje kuuliza nani amefika. Ndio huu. Miaka yote ulisimama pale, tukiufahamu kwa tumbo, meno tumeyasahau.

Neema alitafuna, akakunja uso, akatema, akatafuna tena. Sasa kila asubuhi anakata viwili, chake na changu, na mswaki wa boksi amewawekea wageni.

Kwa hiyo mti tunao, na plastiki haitoki tena kwetu kwenda ziwani. Ila enzi zile kulikuwa na mtu aliyekaa siku nzima juu ya lori, kwenye vumbi, ili sisi tusiende shule na midomo michafu. Mti ukikatwa, unapanda mwingine. Koko hapandiki.