Mashu ya Watu wa Mujini

Kwetu Kibumba tulikuwa na mashamba mawili. Lile kubwa, kando ya barabara ya Rutshuru, lilikuwa la mashu, yaani kabichi, ya kuuza Goma. Lile dogo, nyuma ya jiko, lilikuwa la kula sisi wenyewe. Shamba kubwa baba alilipiga dawa kwa pompe ya mgongoni. Kwenye lile dogo mama hakutaka pompe ipite hata karibu. Alimwaga majivu, alinyunyiza maji ya pilipili na tumbaku, na wadudu waliobaki aliwaokota kwa vidole huku akiwatukana.

Mashu ya mama yalikuwa madogo, yamejaa matobo. Ya baba yalikuwa makubwa, yanang'aa, na sisi hatukuyaonja hata siku moja. Majirani wote walifanya vilevile na hakuna aliyeona haya. "Ile ni ya watu wa mujini," baba alisema. "Bao banapenda shu yenye haina tobo." Nikiri tu, nilikuwa nawacheka hao watu wa mjini.

Msidhani baba alikuwa mtu mubaya. Agronomu, bwana shamba wetu, alimfundisha kwamba ukishapiga dawa ungoje majuma mawili ndipo ukate, na baba alingoja. Kila siku alifunga fundo moja kwenye kamba iliyoning'inia mlangoni, asije akasahau.

Vita vilitufikia kamba ikiwa na mafundo mawili. Asubuhi tulisikia mabomu upande wa Rutshuru, na watu wakaanza kushuka na magodoro kichwani. Kamio moja, lori la mizigo, ilisimama barabarani, mwenyewe ananunua chochote kilichokatwa. Baba akaangalia kamba, akaangalia barabara.

"Muzee, dawa haiyatoka," mama alimwambia.

"Tukiacha, baaskari batakula," baba alijibu.

Tukakata sote. Dawa ilikuwa bado nyeupe juu ya majani, nikawa najifuta mikono kwenye sketi. Kila mufuko baba aliufunga mdomo kwa kipande cha kitenge cha zamani cha mama, cha njano chenye samaki. Kwetu kila mkulima ana alama yake, wachuuzi wajue mali ni ya nani. Kamio ikaondoka. Kesho yake tukaifuata kwa miguu, mdogo wangu wa kike akiwa mgongoni mwa mama. Alikuwa na miezi minane, ndiyo kwanza ameanza kulambishwa chakula. Pesa za mashu zilibaki kwenye bariere ya kwanza, barabara ilipofungwa na watu wenye bunduki.

Dada yake baba alitupokea Ndosho, mtaa wa Goma, watu saba ndani ya chumba kimoja. Siku ya tatu, mama na mimi tulikwenda sokoni na vijisenti alivyotupa shangazi. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa bei ya kutisha. Mashu ndiyo yalikuwa rahisi kuliko yote, kwa sababu Kibumba nzima ilikuwa imekata kwa wakati mmoja. Mama akainama kuchagua, mara nikaona mkono wake umesimama. Kando ya mchuuzi kulikuwa na mufuko mtupu, na mdomoni mwa mufuko kitenge cha njano chenye samaki.

"Angalia, mama," mchuuzi alisifu. "Haina tobo hata moja."

Nilitaka kumvuta mama tuondoke. Nilitaka pia kula, na hilo linaniuma hadi leo. Mama alinitazama, kisha akasema, "Unipe moja."

Aliliosha mara tatu kwa chumvi. Majani ya nje aliyatupa, halafu akarudi kuyaokota, maana tulikuwa saba. Baba akauliza shu limetoka wapi. "Sokoni," mama akasema. Baba alichukua jani moja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha. Lilipoiva, mama alimpondea mtoto kidogo kwa kijiko. Mtoto akafungua mdomo. Alilipenda.

Kesho yake alianza kutapika na kuharisha. Munganga wa kituo cha afya alisema ni maji ya ziwa, na pengine alisema kweli, kwani mtaa ule watoto wengi waliharisha juma lile, hata wasioonja shu. Baba alimuuliza tena kama kweli ni maji. Alipouliza mara ya tatu, munganga akakasirika. Siku ya sita mdogo wangu alituacha.

Miaka mingi baadaye mama naye alikufa bila kumwambia baba habari ya kitenge, na mimi sikumwambia pia. Sasa tumerudi Kibumba. Baba amezeeka, lakini kila msimu, kabla ya kupiga dawa, ananiuliza.

"Ule mufuko wa sokoni ulikuwa na alama gani?"

"Sikuangalia, papa."

Anatikisa kichwa. Kisha ananiomba nimsaidie kupandisha pompe mgongoni, kwa sababu mashu yenye matobo mjini hayanunuliwi, nami ninampandishia.